Nimemgonga mama wa watu, gari lina bima ndogo: nani anamlipa?

SWALI

"Shikamoo wakili. Mimi ni dereva, nina miaka 29, naishi Morogoro. Wiki tano zilizopita nilikuwa naendesha Noah ya shemeji yangu, alinituma nikamchukue dada stendi ya Msamvu. Ilikuwa saa moja jioni, mvua inanyesha, natokea Kihonda. Mama mmoja muuza mboga akakatiza barabara, nikafunga breki, gari ikateleza ikamgonga. Amevunjika mguu, amewekewa vyuma. Sikukimbia, nilimpeleka hospitali mwenyewe na mpaka sasa nimetumia 870,000. Gari ina bima ndogo. Siku ya tatu ndugu zake walikuja nyumbani, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba kosa ni langu na nitamlipa milioni nne kwa awamu. Sasa wakala aliyetuuzia bima anasema kwa kuwa nimekiri kwenye karatasi, bima haina kazi tena. Trafiki naye anasema nikifika mahakamani nikubali tu yaishe. Nani anatakiwa kumlipa huyu mama: mimi, shemeji au bima? Na ile karatasi imeniharibia?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na umfikishie mama pole yangu pia. Ulisimama, ukamtoa barabarani, ukampeleka hospitali. Sheria inakutaka ufanye hivyo, na wako wengi ambao siku hiyo hawakufanya. Usikubali mtu akuambie kwamba ulikosea kumbeba.

Jibu fupi ni hili. Wakala wako amekosea. Mama ana haki ya kulipwa na kampuni ya bima, na ile karatasi ya kwa mwenyekiti haikumnyang'anya haki hiyo. Mwenye hatari ya kudhurika na karatasi ile ni wewe na shemeji, si yeye. Lakini kuna mambo yanatakiwa kufanyika wiki hii, maana wiki tano ni nyingi na sijaona katika maelezo yako kwamba kuna mtu aliyeiandikia kampuni barua.

Tuanze na hiyo bima ndogo, kwa sababu watu wanaidharau. Wengi wanainunua kama wanavyolipia maegesho, trafiki akisimamisha aone stika mambo yaende. Ikitokea ajali wanasema, "aah, ni ndogo, haina kitu." Si kweli. Bima ndogo ndiyo bima ya mtu wa tatu, na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inailazimisha kwa kila gari linaloingia barabarani kwa ajili ya watu kama huyu mama. Haitatengeneza bampa la Noah wala taa iliyovunjika. Hiyo ni kazi ya bima kubwa. Mguu wa mama uliovunjwa na Noah hiyo ndio hasa jambo ambalo shemeji alilipia. Kwa hiyo usiende kwenye kampuni kama mtu anayeomba msaada. Nenda kama mtu anayepeleka dai lililokwisha kulipiwa.

Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha bima yenyewe ni hai. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo mtandaoni ambapo unaingiza namba ya gari au ya stika na kuona kampuni gani ilitoa bima, ilianza lini na inaisha lini. Angalia tarehe ya ajali iko ndani ya muda huo. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa, binafsi au biashara. Umesema ulitumwa kumchukua dada yako, basi hiyo ni safari ya kifamilia. Lakini kama njiani ulipakia watu wawili watatu wa kulipa nauli kama wanavyofanya wenye Noah wengi, niambie mimi au wakili mwingine ukweli huo kabla hujaandika neno lolote. Gari lililokatiwa bima ya binafsi likitumika kubeba abiria wa kulipa, kampuni inapata hoja nzito dhidi yenu, na jambo hilo halifichiki, kwa sababu abiria wale ndio mashahidi wa polisi.

Sasa, nani anabeba mzigo? Dhima inaanza kwako kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Swali ambalo mahakama itajiuliza ni kama uliendesha kwa uangalifu ambao dereva makini angekuwa nao usiku ule, kwenye mvua ile, sehemu ile yenye watu. Kuteleza peke yake si utetezi. Barabara ikilowa dereva anatarajiwa apunguze mwendo ili akifunga breki gari lisimame. Hata hali ya tairi itaangaliwa kwenye ripoti ya mkaguzi wa magari. Upande wa pili, mama naye alikuwa na wajibu wa kujiangalia wakati anavuka. Ikithibitika alikatiza ghafla mahali pasipo kivuko, mahakama inaweza kusema naye amechangia, na fidia yake ikapunguzwa kwa kiasi cha mchango wake. Haifutwi, inapunguzwa. Nalieleza hili kwa uangalifu kwa sababu nisingependa ulitumie kumsimanga mama wa watu. Nakueleza ili ujue kwamba maneno "kosa ni langu lote" si ya kuandikwa siku ya tatu, mtu akiwa hajalala vizuri, mbele ya wajomba watano waliokasirika.

Shemeji yumo pia. Ulikuwa unaendesha gari lake, kwa ruhusa yake, kwa shughuli aliyokutuma yeye. Katika hali hiyo mwenye gari anawajibika kwa uzembe wa aliyemtuma, sawasawa na tajiri anavyowajibika kwa dereva wake wa daladala. Ungekuwa umelichukua gari kimyakimya kwenda kwenye mambo yako, hadithi ingekuwa nyingine. Bima nyingi za magari binafsi humkinga yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye gari ilimradi ana leseni hai ya daraja linalohusika. Kwa hiyo kuwa gari si lako hakuzuii bima kufanya kazi. Na tafadhali, mtu asije na wazo la kumwandika shemeji kuwa ndiye aliyekuwa anaendesha. Nimekutana na hilo zaidi ya mara moja. Dai lililokuwa safi linageuka udanganyifu, na anayeteseka ni yule aliye na vyuma mguuni.

Bima inaingia nyuma yenu wawili. Kama suala likifika mahakamani, mama atawashtaki wewe na shemeji. Hukumu ikitoka dhidi yenu, Sura ya 169 inaitaka kampuni imlipe mwenye hukumu, hata pale ambapo kampuni ingekuwa na sababu za kukataa kuwalipa ninyi. Sharti moja kubwa ni kwamba kampuni iwe imejulishwa kuhusu kesi, ama kabla haijafunguliwa ama ndani ya siku chache baada ya kufunguliwa. Ndiyo maana siku ukipokea wito wa mahakama usiuweke kwenye droo ukisema utaona wiki ijayo. Siku hiyohiyo upelekwe kwenye kampuni, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nimeona familia ikishinda kesi halafu ikabaki na hukumu mkononi kwa sababu dereva aliogopa, akauficha wito.

Nirudi kwenye karatasi, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Karibu kila mkataba wa bima ya gari una sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Wakala ameshika hilo, na hapo yuko sahihi: sharti lipo na umelivunja. Alipopotea ni pale anaposema basi bima imekufa. Sheria ilitazama mbele ikaona mtego huu. Masharti yanayohusu mambo yaliyofanywa au kuachwa baada ya ajali, kama kuchelewa kutoa taarifa au kukiri kosa, hayawezi kutumika kumnyima haki mtu wa tatu aliyeumia. Na ni haki tupu. Huyu mama hakusaini mkataba wenu, hakuwahi kuuona, hawezi kuadhibiwa kwa sababu wewe uliandika kitu kwa woga. Kampuni itamlipa kwa mujibu wa sheria, kisha inaweza kuwageukia ninyi kwa kuvunja masharti na kudai irudishiwe ilicholipa kwa sababu hiyo. Huo ndio mpaka wa hatari yako. Ni hatari ya kweli lakini mara nyingi hupungua sana pale dereva anapojitokeza mapema, akaeleza kila kitu na kushirikiana na afisa madai.

Kuhusu ile milioni nne: namba hiyo haiifungi kampuni. Wao watakadiria wenyewe au watasubiri mahakama ikadirie. Kwa hiyo usiende ukawaambia "nimeshakubaliana milioni nne, mnilipie." Nenda na nakala ya karatasi, uwaambie iliandikwa lini, mbele ya nani, na katika hali gani. Usiifiche. Ndugu wa mama wanayo nakala, na siku itakapotokea bila wewe kuitaja utaonekana mwongo hata kwenye yale uliyosema kweli. Kuanzia leo usilipe awamu nyingine chini ya karatasi ile. Sisemi umwache mama ahangaike. Ukimpelekea nauli ya kwenda kliniki au chakula, fanya hivyo kwa utu wako, lakini iandikwe mahali kwamba ni msaada wa matibabu, tarehe na kiasi, na asaini aliyepokea. Zile 870,000 kusanya risiti zake zote, za dawa, picha ya eksirei, kitanda, gari la kukodi. Kampuni inaweza kuzihesabu kama sehemu ya gharama za matibabu ya mama na kukurudishia, au inaweza kubisha baadhi. Bila risiti hakuna hata cha kubishania.

Sasa mahakamani. Kuna kitu kimoja ambacho watu wanakichanganya kila siku, nacho ni kesi ya trafiki na fidia. Ni njia mbili. Kwenye kesi ya trafiki Jamhuri inakushtaki kwa namna ulivyoendesha, na ukipatikana na hatia utalipa faini au kupata adhabu nyingine, na fedha hiyo inakwenda serikalini. Mama hapati hata shilingi kwenye faini yako. Vilevile, kumlipa mama hakufuti shtaka. Kwa hiyo "kubali yaishe" haiishi chochote upande wa fidia. Hii si ile faini ya 30,000 ya barabarani unayolipia kwa namba ya malipo ukaendelea na safari.

Tena kukiri kuna uzito ambao trafiki hakukueleza. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Maana yake ukikiri leo kuendesha bila uangalifu na kumjeruhi mtu, kesho kwenye kesi ya fidia huwezi kusema hukuwa na uzembe. Kwa mama hilo ni jema, linamfupishia safari. Na kampuni nyingi haziketi kuzungumza fidia mpaka zione hati ya mashtaka na nakala ya hukumu ya trafiki. Kwa hiyo sikwambii ukane kila kitu ili tu kuvuta muda. Ushauri wangu: kama kweli ulikuwa mbio kuliko hali ya barabara, kiri, lakini kiri kile ulichofanya. Baada ya kusema "ni kweli," mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa. Yasikilize neno kwa neno. Kama yanasema ulikuwa unaongea na simu na hukuwa unaongea, sema hapohapo kwamba sehemu hiyo si kweli. Hakimu akiona unapinga jambo la msingi ataandika kuwa umekana, na shauri litasikilizwa. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu wa hali yako. Uliza hapo mahakamani au ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa.

Kwa kuwa ulimbeba mama kwa gari lile lile, gari halikuwepo pale polisi walipofika. Muulize mpelelezi kama mchoro wa ajali umechorwa na ni nani aliyeonyesha mahali. Kama uliachwa nje ya zoezi hilo, omba urudi naye eneo la tukio pamoja na shahidi hata mmoja, muuza chipsi, bodaboda wa kijiwe cha jirani, yeyote aliyeona. Mchoro ndio utakaosomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kihonda.

Sasa makaratasi, na hapa naomba utulie kidogo.

Mama awe na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Kama siku ile alitibiwa kwanza kama dharura, na ndivyo inavyopaswa kuwa, fomu ifuatiliwe sasa kituoni na daktari aijaze. Kutoka polisi kampuni itataka PF 90, ambayo ndiyo taarifa ya polisi kuhusu ajali, pamoja na mchoro na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kutoka kwenu itataka nakala ya leseni yako, kadi ya gari, hati ya bima na fomu ya madai iliyojazwa na shemeji kama mwenye bima, nawe ukaandika maelezo yako kama dereva. Kutoka mahakamani, hati ya mashtaka na hukumu. Usikabidhi nakala halisi ya kitu chochote bila kubaki na kivuli kilichogongwa muhuri wa kupokelewa. Mafaili yanapotea.

Upande wa mama ndipo fidia inapopatikana au inapopotea, na hapo ningependa umsaidie kwa dhati. Fidia ina mafungu mawili. Lipo la hasara mahususi, yaani fedha zilizotoka na kipato kilichopotea, ambalo mahakama zetu zinasisitiza lazima litajwe waziwazi na lithibitishwe. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo tangu 1992 na mahakimu wanalirudia kila wiki. Fungu la pili ni fidia ya jumla, ya maumivu, ulemavu, maisha yaliyobadilika. Hilo hakimu anakadiria kwa busara yake akitazama ripoti ya daktari, na hasa asilimia ya ulemavu iliyoandikwa pale. Ripoti inayosema "fracture, anaendelea vizuri" haimsaidii mtu. Inayotakiwa ni ile inayoeleza mfupa gani, vyuma vya aina gani, vitatolewa lini, mguu umefupika au la, ataweza kusimama kutwa au hataweza.

Kipato cha muuza mboga kitathibitishwa vipi wakati hana hati ya mshahara? Hili nililijifunza kabla sijawa wakili, nilipokuwa nimekaa dirisha la madai kwenye kampuni moja ya bima. Alikuja mama muuza dagaa, mkono umevunjika, na mwenzangu aliyekuwa juu yangu alikuwa ameshaandika "hakuna ushahidi wa kipato." Yule mama akafungua khanga, akatoa kitabu kidogo cha kikoba, kimeloa mafuta pembeni. Kila wiki, kwa mwaka na miezi miwili, muhuri wa hisa umegongwa, hisa tatu, hisa tano, hisa tatu. Halafu tarehe ya ajali, na kuanzia hapo mistari mitupu mpaka mwisho wa ukurasa. Sijawahi kuona ushahidi ulioeleza vizuri kuliko ile mistari mitupu. Nilikipiga kivuli ukurasa kwa ukurasa, na dai likalipwa pamoja na kipato. Kwa hiyo muulize mama: ana kikoba? Analipa ushuru wa soko na anapewa risiti? Anachukua mboga kwa mkulima mmoja kila siku anayeweza kusema anachukua mafungu mangapi? Miamala ya simu? Vyote vikusanywe. Kama alikuwa ameajiriwa na mtu na aliumia akiwa kazini ningekutuma pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini kwa maelezo yako anajitegemea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii, nalo ni haraka ya kumaliza. Kampuni ikikubali dai italeta hati ya kumaliza madai. Mama akisaini na kupokea hundi, kwa kawaida ndio mwisho, hawezi kurudi mwaka ujao kusema mguu umeuma. Mguu wenye vyuma haujamaliza safari. Vyuma vingine hutolewa baada ya miezi mingi, kwa upasuaji mwingine, kwa gharama nyingine, na wiki nyingine za kukaa bila kwenda sokoni. Mfupa unaweza kukataa kuunga. Nimewahi kushughulikia faili la baba mmoja fundi ujenzi aliyesaini 600,000 wiki ya pili, kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa "sitadai tena." Mwezi wa nane mguu ulikuwa umepinda na jeraha linatoa usaha. Tulihangaika na karatasi ile karibu miaka miwili. Kwa hiyo mama asisaini hati ya mwisho mpaka daktari aandike kwamba matibabu yamefikia mwisho wake au atoe makadirio ya gharama zilizobaki. Wakati anasubiri, hakuna ubaya kuiomba kampuni kwa barua ilipe kwanza gharama za hospitali zenye risiti.

Ana muda, lakini si wa kuchezea. Madai ya fidia kwa uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu tukio. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo. Wapo maafisa wanaosema "tunalifanyia kazi, mama" mpaka mwaka wa tatu unapinduka. Miaka miwili ikipita bila malipo, afungue kesi huku wakiendelea kuzungumza.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, mlalamike kwanza kwa barua kwa uongozi wake, kisha TIRA. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 ili watu wasilazimike kukimbilia mahakamani kwa kila mgogoro. Barua ya kukataliwa iwe ya maandishi. Neno la wakala mlangoni si uamuzi wa kampuni. Wakala anauza bima, haamui madai, na huyu wa kwenu hakuwa na mamlaka ya kuwaambia kwamba bima haina kazi. Pitieni moja kwa moja idara ya madai.

Na muwe macho na vishoka. Wanazunguka wodi za mifupa na vituo vya polisi, wanajua majina ya majeruhi kabla ya ndugu, wanataka mama asaini karatasi ya uwakilishi, halafu wanachukua nusu ya hundi au hundi nzima. Akitaka mtu wa kumsimamia, amtafute wakili mwenye leseni hai, wakubaliane malipo kwa maandishi, na fedha ziingie kwenye akaunti ya mama mwenyewe.

Jumatatu, basi, mpigie shemeji muende pamoja kwenye kampuni. Peleka barua ya kurasa moja au mbili: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, jina la majeruhi, hospitali alikolazwa, kituo cha polisi na namba ya jalada, ulichokwisha kulipa, na karatasi ya kwa mwenyekiti ukiitaja kwa tarehe yake. Mtoe nakala, zigongwe muhuri. Ukitoka hapo nenda kwa mama ukiwa na mtu mzima wa kwenu, mama yako akiwepo ni vizuri zaidi. Ndugu zake watadhani unakuja kukwepa ile milioni nne. Usibishane nao. Waonyeshe stika, waonyeshe barua yenye muhuri, waandikie jina la kampuni na namba ya bima kwenye karatasi ambayo itabaki kwao. Waambie kwamba milioni nne ilikuwa namba ya kukisia, kwamba mguu ule unaweza kustahili zaidi ya hapo, na kwamba dai ni la mama mwenyewe na anaweza kulipeleka hata kama wewe umesafiri au umekasirika. Wakikuuliza kama utakuwa shahidi wake utakapoitwa, jibu unalijua, ulikuwepo.